Kuunda Linux ya Ukambani si kazi, kazi ni kuilea

KAMPUNI ya Microsoft iliposimamisha masasisho ya kawaida ya usalama kwa mfumo wa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, tarakilishi zinazoutumia mfumo huo hazikuzimika. Ziliwaka asubuhi iliyofuata, zikafungua barua na kuchapisha orodha za wanafunzi kama ilivyokuwa desturi. Kilichobadilika ni kwamba kila mwanya wa usalama unaogunduliwa tangu siku hiyo hubaki wazi, isipokuwa kwa wale waliojisajili kupata huduma ya ziada, ambayo nayo ni ya muda tu.

Katika kaunti za Kitui na Makueni, jambo hilo si la kupuuzwa. Shule nyingi za mashambani hutegemea tarakilishi zilizokwisha kutumika katika ofisi za mijini au ng'ambo kabla ya kutolewa kama msaada. Windows 11, mfumo uliochukua mahali pa Windows 10, huhitaji kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0 pamoja na prosesa za miaka ya karibuni. Mashine nyingi zilizoundwa kabla ya mwaka 2018 haziwezi kuupokea kwa njia rasmi, hata kama bado zina nguvu za kutosha kumfunza mwanafunzi kuandika barua, kupiga hesabu za jedwali au kuunda programu.

Mwalimu mkuu aliye na chumba chenye mashine 20 za aina hiyo ana njia 3. Anaweza kununua mpya, jambo ambalo bajeti ya shule haliruhusu. Anaweza kuendelea kuzitumia hivyo zilivyo, huku zikihifadhi majina ya wanafunzi, karo na alama za mitihani, ilhali Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 humtaka kila anayehifadhi habari za watu azilinde. Au anaweza kuondoa Windows na kuweka Linux, mfumo usiolipiwa leseni ambao una matoleo yanayofanya kazi vyema kwenye mashine nzee.

Mara tu Linux inapotajwa, wazo la pili hufuata. Ikiwa kila mtu anaruhusiwa kuibadilisha, mbona jamii isijiundie Linux yake? Ingeweza kuwa na menyu za Kiswahili na Kikamba, vitabu vya mtaala ndani yake, na wepesi wa kutumika mahali pasipo na intaneti. Wazo hilo linavutia, na kitaalamu linawezekana. Swali linalohitaji kuchunguzwa ni nani atakayeitunza Linux hiyo mwaka wa tatu, baada ya waliohudhuria uzinduzi kurejea makwao.

Linux ni nini, na distro ni nini?

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Alichokiandika si mfumo mzima bali kiini, yaani ile sehemu inayosimamia prosesa, kumbukumbu, diski na vifaa vingine vya mashine. Kiini pekee hakimwezeshi mtu kuandika hata barua. Huhitaji kuzungukwa na programu nyingine maelfu, zikiwemo zile za mradi wa GNU ulioanzishwa na Mmarekani Richard Stallman mwaka 1983.

Kazi ya kukusanya kiini hicho na programu hizo, kuhakikisha zinaelewana, kuziweka katika ghala moja na kumpa mtumiaji njia rahisi ya kuzisakinisha, ndiyo huzaa kile ambacho wataalamu hukiita distro. Debian, iliyoanzishwa mwaka 1993, ni distro. Ubuntu, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na kutolewa kwa mara ya kwanza Oktoba 2004, pia ni distro, nayo imejengwa juu ya Debian. Linux Mint, iliyoanza mwaka 2006, imejengwa juu ya Ubuntu.

Mfuatano huo unafichua siri ya shughuli hii. Distro nyingi hazikuanza na shamba tupu. Kila moja huchukua kazi iliyofanywa na iliyotangulia, ikaongeza ya kwake na kuacha isiyoyahitaji. Leseni za programu huria huruhusu hivyo waziwazi, ingawa kwa masharti. Chini ya leseni inayotumiwa na kiini cha Linux, kwa mfano, anayesambaza programu aliyoibadilisha sharti awape wapokeaji msimbo wake.

Ngazi nne za kazi

Mtu anaposema kwamba anataka kuunda Linux yake, huenda ana maana moja kati ya mambo 4, na kila moja lina uzito wake.

Ngazi ya kwanza ni kuchukua distro iliyopo na kuirekebisha baada ya kuisakinisha: kubadilisha lugha, kuongeza programu za masomo, kuondoa michezo. Fundi mmoja anaweza kuifanya kazi hiyo kwa siku moja katika chumba cha tarakilishi. Udhaifu wake ni kwamba shule inayofuata humlazimu kuanza upya.

Ngazi ya pili ni kuandaa faili ya usakinishaji ambayo marekebisho hayo yote yamo tayari. Zipo programu zilizoundwa kwa ajili hiyo, kama vile live-build ya Debian na Cubic inayotumiwa na watu wa Ubuntu. Fundi hutayarisha faili hiyo mara moja, akaiweka kwenye flashi na kuisakinisha katika shule 50 bila kurudia kazi. Jambo la kuzingatia ni kwamba masasisho ya usalama huendelea kutoka kwa Debian au Ubuntu wenyewe. Jamii imeongeza mapambo, lugha na vitabu. Haijachukua jukumu la kuziba mianya.

Ngazi ya tatu ni kuwa na ghala lako mwenyewe la vifurushi vya programu. Hapa jamii huanza kubadilisha programu zenyewe, kuzijenga upya kutoka kwa msimbo na kuzitia sahihi yake ya kidijitali. Tangu siku hiyo, kila kifurushi kilichobadilishwa ni mwana wa jamii hiyo. Mwanya ukigunduliwa ndani yake, wa kuuziba ni wao.

Ngazi ya nne ni kuanza kutoka mwanzo kabisa, kila programu ikichukuliwa kutoka kwa waundaji wake na kujengwa upya. Ukubwa wa kazi hiyo hupimika kwa kutazama Debian, ambayo ina vifurushi zaidi ya 60,000 na zaidi ya wataalamu 1,000 duniani kote wanaovitunza.

Watu wengi wanaoota kuhusu Linux ya nyumbani huwa wanaielezea ngazi ya nne kwa maneno, ilhali mahitaji yao yote yangetimizwa na ngazi ya pili.

Gharama isiyoonekana siku ya uzinduzi

Wahenga walinena kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Faili ya usakinishaji huweza kuandaliwa na vijana 3 katika muda wa likizo moja. Ulezi wake ndio hudumu miaka, na huwa na sura 3.

Sura ya kwanza ni usalama. Debian hutoa mamia ya matangazo ya usalama kila mwaka, na kila tangazo huandamana na kifurushi kilichorekebishwa. Kundi linalojitenga na mkondo huo sharti lisome matangazo hayo, litambue yanayolihusu, lijenge vifurushi vipya, livijaribu na kuvisambaza. Likichelewa mwezi mmoja, limewaacha watumiaji wake na mwanya ambao wahalifu tayari wamekwisha kuusoma.

Sura ya pili ni uaminifu. Mnamo Machi 2024, mtaalamu Andres Freund aligundua kwamba programu ndogo ya kubana faili iitwayo xz, ambayo imo katika distro nyingi, ilikuwa imetiwa mlango wa siri. Kwa miaka mingi programu hiyo ilitunzwa na mtu mmoja aliyejitolea bila malipo, naye alikuwa amelemewa. Mtu aliyejiita Jia Tan alijitokeza kumsaidia, akafanya kazi nzuri kwa zaidi ya miaka 2, akaaminiwa, kisha akaingiza msimbo huo hatari. Distro kubwa ziliurudisha nyuma katika muda wa siku chache kwa sababu zilikuwa na watu zamuni. Kundi la vijana 3, ambapo mmoja yumo chuoni, mwingine amepata kazi Nairobi na wa tatu hana umeme, lingepata habari hizo lini?

Miaka 8 kabla ya hapo, Februari 20, 2016, wavamizi waliingia katika tovuti ya Linux Mint na kuelekeza kiungo cha kupakulia kwenye faili iliyochezewa. Waliopakua siku hiyo bila kukagua sahihi ya kidijitali walijisakinishia wenyewe mtego. Mradi huo ulikuwa mkubwa na wenye uzoefu, ukatambua kosa na kuwaonya watu upesi. Kwa hivyo kundi linalotoa faili ya usakinishaji kwa shule hubeba dhamana ya kulinda seva na ufunguo wake wa sahihi, hata pale ambapo halijabadilisha msimbo wowote.

Sura ya tatu ni mashine zenyewe. Debian 13, iliyotolewa Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha tarakilishi za biti 32, zile zilizoenea kabla ya prosesa za biti 64 kuzagaa. Debian 12 bado inazihudumia, na utunzaji wake wa muda mrefu umepangwa kuendelea hadi Juni 2028. Anayedhani kwamba Linux ya nyumbani itaziokoa mashine za aina hiyo milele hana budi kujua kwamba baada ya tarehe hiyo atakuwa akiubeba mzigo ambao hata Debian imeutua.

Waliotangulia

Mfano ulio karibu zaidi na hali ya Ukambani unapatikana Uhispania. Extremadura ni eneo kavu la wakulima na wafugaji, miongoni mwa maeneo maskini zaidi nchini humo, lenye wakazi takriban milioni 1. Idadi hiyo hailingani mbali na ya Kitui, iliyokuwa na watu 1,136,187 katika sensa ya mwaka 2019, au Makueni iliyokuwa na 987,653. Mwaka 2002 serikali ya eneo hilo ilizindua LinEx, distro yake iliyojengwa juu ya Debian, ikaisakinisha katika makumi ya maelfu ya tarakilishi za shule. Mradi huo ulisifiwa kote Ulaya. Takriban muongo mmoja baadaye, serikali hiyo ilijiondoa katika kuitunza LinEx na kugeukia Debian yenyewe. Eneo lenye serikali yake, bajeti yake na wataalamu wa kulipwa liliona kwamba kuendelea kulea distro ya kipekee hakukuwa na faida ya kutosha.

Edubuntu, ndugu wa Ubuntu aliyeundwa kwa ajili ya shule mwaka 2005, ilikumbwa na upungufu wa watu. Baada ya toleo la mwaka 2014, waliokuwa wakiitunza walishindwa kuendelea na ikalala. Ilifufuliwa mwaka 2023 baada ya watu wengine kujitolea. Shule zilizokuwa zimejenga mafunzo yao juu yake zililazimika kutafuta njia nyingine katika miaka hiyo ya katikati.

Nchini Norway, wazazi na waundaji programu walianzisha Skolelinux mwaka 2001, mojawapo ya sababu ikiwa kutaka tarakilishi za shule zizungumze lugha zao. Badala ya kujitenga, mwaka 2003 walijiunga na mradi wa Debian Edu, na kazi yao ikawa sehemu ya Debian. Kwa njia hiyo masasisho ya usalama hayakuwa mzigo wao peke yao, na tafsiri walizozifanya ziliwafikia watumiaji wote wa Debian. Skolelinux ingali hai.

Kielelezo cha mafanikio makubwa ni jimbo la Kerala, kusini mwa India. Katika muongo wa kwanza wa karne hii, jimbo hilo lilihamisha masomo ya tarakilishi katika shule za umma hadi kwenye Linux iliyopangwa upya kwa ajili ya mtaala wake, kwanza juu ya Debian na baadaye juu ya Ubuntu. Siri ya Kerala haikuwa ufundi wa faili ya usakinishaji. Ilikuwa kwamba walimu waliteuliwa na kufunzwa ili wawafunze wenzao, vitabu vya kiada viliandikwa kwa kuzingatia programu hizo, na mtihani wa vitendo ukafanyika juu ya mfumo uo huo. Mwalimu hakuhitaji kuchagua kati ya kumfunza mwanafunzi Linux na kumwandaa kwa mtihani.

Suala hilo la mtihani ni muhimu kwa Kenya. Somo la Tarakilishi katika KCSE limekuwa na karatasi ya vitendo, na mzazi yeyote atataka hakikisho kwamba mwanawe atakalia mashine aliyoizoea. Shule inayobadilisha mfumo bila kulishughulikia jambo hilo na mamlaka ya mitihani mapema huwaweka watahiniwa wake hatarini.

Somo kutoka Dar es Salaam

Afrika Mashariki ina historia yake katika uwanja huu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, waliendesha mradi uliojulikana kama Kilinux, uliokusudia kuzipa programu huria sura ya Kiswahili. Desemba 2004 walitoa Jambo OpenOffice, mkusanyiko wa programu za ofisi uliokuwa na menyu za Kiswahili. Kutoka upande wa Kenya, Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton alishiriki katika kuandaa orodha ya maneno ya kukagulia tahajia ya Kiswahili.

Wahusika wa Kilinux walianza na istilahi na programu za ofisi, ambazo mtu huzitumia kila siku, kabla ya jingine lolote. OpenOffice ilipozaa LibreOffice mwaka 2010, Kiswahili kilisafiri pamoja nayo, na hadi leo kimo katika orodha ya lugha za LibreOffice. Laiti kazi hiyo ingefungiwa ndani ya distro moja, ingekufa pamoja na distro hiyo.

Hata hivyo, tafsiri nayo huhitaji kulelewa. Kila toleo jipya la programu huleta menyu na maelezo mapya. Pasipo mtafsiri, sehemu hizo hujitokeza kwa Kiingereza katikati ya Kiswahili, na mtumiaji hukata tamaa akarudi kwenye Kiingereza kitupu.

Kikamba kinahitaji nini?

Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 huipa Serikali wajibu wa kukuza na kuendeleza matumizi ya lugha za kiasili. Kwa tarakilishi, wajibu huo huanza na mambo madogo. Kikamba huandikwa kwa irabu 7, mbili kati yake zikiwa na alama juu, ĩ na ũ, kama katika maneno mũndũ na mũtĩ. Asiyekuwa na njia ya kuziandika huziacha, na maandishi yake huwatatiza wasomaji.

Watu wengi hawajui kwamba sehemu ya kazi hiyo tayari imekamilika. Katika orodha ya kibodi za Linux, chini ya Kenya, umo mpangilio wa Kiswahili na mwingine wa Kikuyu. Kwa kuwa Kikuyu hutumia herufi zizo hizo, Mkamba anaweza kuuchagua mpangilio huo na kuandika lugha yake leo. Aidha, hazina ya kimataifa ya data za lugha inayosimamiwa na shirika la Unicode inakitambua Kikamba kwa kifupi cha kam, na ndani yake mna majina ya siku na miezi, kuanzia Wa kyumwa, yaani Jumapili.

Kinachokosekana ni mpangilio wa kibodi wenye jina la Kikamba, orodha ya maneno ya kukagulia tahajia, na tafsiri za programu chache zinazotumika zaidi. Mambo hayo yote huweza kufanywa na watu wanaoijua lugha vizuri hata kama hawajui kuandika msimbo. Yakipelekwa kwa miradi mikuu, yatafika katika kila distro duniani, na kumfikia Mkamba aliye Mwingi sawa na aliye Mombasa au Marekani. Yakiwekwa ndani ya Linux ya Ukambani pekee, yatamfikia tu aliyeisakinisha.

Njia inayowezekana

Kutokana na hayo, mpango unaoelekea kufaa Kitui na Makueni ni kusimama kwenye ngazi ya pili na kutopanda ya tatu bila sababu kubwa. Msingi uwe Debian, au toleo la Ubuntu linalotunzwa kwa miaka 5. Juu yake iwekwe sura nyepesi kama Xfce au LXQt, ambazo hutosheka na kumbukumbu ya gigabaiti 2 kwa kazi za kawaida, pamoja na LibreOffice, programu za masomo, kibodi ya ĩ na ũ, na Kiwix, programu inayomwezesha mtu kusoma Wikipedia bila intaneti.

Intaneti yenyewe inahitaji kufikiriwa mapema. Faili ya usakinishaji ya Ubuntu 24.04 ina takriban gigabaiti 6, na Wikipedia nzima ya Kiingereza pamoja na picha zake huzidi gigabaiti 100. Kumwambia mwalimu wa Tseikuru au Mutha apakue vitu hivyo kwa salio la simu ni kumfukuza. Badala yake, tarakilishi moja katika mji wenye intaneti ya uhakika, uwe Kitui, Mwingi, Wote au Kibwezi, yaweza kuwa na nakala ya ghala la masasisho. Kutoka hapo, masasisho hubebwa kwenye diski hadi shuleni na kusambazwa kwa waya za ndani ya chumba.

Njia hiyo ni salama kuliko inavyodhaniwa. Orodha za vifurushi vya Debian na Ubuntu hutiwa sahihi ya kidijitali, na mashine ya shule huikagua sahihi hiyo kabla ya kukubali chochote. Diski ikibadilishwa njiani, mashine itakataa. Kwa hivyo mbebaji anaweza kuwa afisa wa elimu, dereva wa matatu au mzazi. Ulinzi umo katika sahihi.

Watu wa kuifanya kazi hiyo wapo. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, maarufu kama SEKU, kilichopata hati yake mwaka 2013 na chenye bewa kuu Kwa Vonza katika kaunti ya Kitui, hutoa mafunzo ya tarakilishi. Wanafunzi wanaohitaji miradi ya mwisho wa masomo wangeweza kupewa sehemu mahsusi: mmoja orodha ya tahajia ya Kikamba, mwingine majaribio ya printa na mashine za aina mbalimbali. La msingi ni kwamba mwenye mradi awe idara, si mwanafunzi, kwa sababu mwanafunzi huhitimu.

Serikali za kaunti nazo zina mahali pa kuanzia. Chini ya Jedwali la Nne la Katiba, vyuo vya ufundi vya vijijini viko mikononi mwa kaunti, ilhali shule za msingi na za sekondari ni jukumu la serikali ya kitaifa. Kaunti inaweza kuanza na vyuo vyake bila kusubiri amri ya Nairobi. Vyuo hivyo vikiwa na vijana waliofunzwa kusakinisha na kutengeneza mashine, shule jirani zitakuwa na fundi wa karibu. Katika kaunti yenye zaidi ya kilomita 30,000 mraba kama Kitui, umbali wa fundi ndio huamua kama chumba cha tarakilishi kitafunguliwa au kitabaki na kufuli.

Wakamba wana utaratibu wao wa siku nyingi uitwao mwethya, ambapo majirani huchanga nguvu zao kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko au kujenga mabwawa ya mchanga kwenye mito ya msimu. Jumuiya za programu huria huendeshwa kwa namna inayokaribiana na hiyo. Tofauti ni kwamba ukuta wa bwawa ukiwa imara huweza kusimama miaka bila kuguswa, ilhali programu isiyoguswa kwa miezi 6 tayari ni hatari. Mwethya wa Linux sharti uwe wa zamu, wenye majina ya watu na tarehe zao.

Maswali ya kujibiwa kwanza

Kabla ya kundi lolote kuchagua jina na nembo, linafaa kuandika majibu ya maswali 5. Je, kuna jambo gani ambalo shule inalihitaji na ambalo Debian au Ubuntu iliyopangwa vizuri haiwezi kulitimiza? Nani atakayesoma matangazo ya usalama kila wiki, na nani atamshikia zamu akiugua? Ufunguo wa sahihi utahifadhiwa wapi, na watu wangapi wanaweza kuutumia? Walimu watafunzwa lini, na nani atawagharimia nauli? Na kundi likivunjika, shule zitahamaje bila kupoteza kazi za wanafunzi?

Swali la mwisho ndilo linalopima mpango wote. Aliyesimama kwenye ngazi ya pili ana jibu jepesi: kundi likitoweka kesho, mashine zitaendelea kupokea masasisho kutoka kwa Debian au Ubuntu hadi muda wa toleo hilo uishe, na shule itakuwa na miaka kadhaa ya kujipanga. Aliyepanda ngazi ya tatu au ya nne hana jibu hilo. Shule zake zitajikuta palepale zilipokuwa Oktoba 14, 2025, na mashine zinazowaka kila asubuhi zikiwa na mianya isiyo na wa kuiziba.